Kasimiri Ndani ya Dirii

Parokia yetu ilipotimiza miaka hamsini, kamati ya jubilei iliona kwaya peke yake haitoshi. Ikaamuliwa yaigizwe maisha ya Mtakatifu Joji, msimamizi wetu, yule askari aliyeua joka. Swali la nani awe Joji halikuchukua dakika tano. Kikao kizima kiligeuka kikamtazama Kasimiri Mahona.

Kasimiri alikuwa kuli katika ghala la tumbaku, mtu wa miaka arobaini na sita, nyumba ya nne kutoka kwangu hapa Ipuli. Hakuwa mrefu. Shingo yake ilikaa kwenye mabega kama mtungi kwenye kata. Msimu wa tumbaku alipandisha marobota ya kilo sabini kwenye malori tangu asubuhi hadi jioni, na kesho yake akarudi. Mtaani tulimtumia bila kufikiri. Ng'ombe katumbukia shimoni, aitwe Kasimiri. Mjane anahamisha kabati, aitwe Kasimiri. Alikuja, akainua, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Sikumbuki hata siku moja aliposema kitu kimemshinda.

Alikuwa na mke, Eustadia, mshonaji, na binti aliyekwisha olewa, Advera. Mama yake, Mama Adelina, alikaa kijijini Kigwa peke yake. Alizaa watoto watano na aliyebaki ni Kasimiri. Kila alipoombwa ahamie mjini alisema mjini hakuna pa kutemea mate.

Kazi ya kutengeneza dirii, vazi la chuma la vita, alipewa fundi Zablon, muhunzi wa mabati karibu na soko. Zablon ni Mmoraviani, lakini alifurahia kazi ile kuliko sisi Wakatoliki. Alichukua kalenda ya katekista Bernardo yenye picha ya Mtakatifu Joji, akaitundika kibandani kwake, akaanza kukata bati nene la tangi bovu la lori.

"Kama ni dirii, iwe dirii," alisema. "Sitaki watu wa parokia ya Goweko waje waseme tumevaa maboksi."

Akatengeneza kifua na mgongo, mabega, mikono, mapaja na miundi, na chapeo yenye kifuniko cha uso na mwanya mbele wa kuonea, upana wa vidole viwili. Mwanzoni vipande vilishikana kwa mikanda ya ngozi. Katika zoezi la pili mkanda ukakatika, paja la chuma likaanguka, kwaya nzima ikacheka. Zablon aliona aibu. Akatoboa chuma upya na kufunga boliti na nati, kumi na nane, nyingi zikiwa mgongoni na ubavuni, mahali ambapo mkono wa mvaaji haufiki. Zote zilifunguliwa kwa spana moja, namba kumi. Eustadia akashona koti la ndani kwa blanketi kuukuu na vipande vya godoro, chuma kisimchune mumewe.

Jioni ya siku alipolivaa kwa mara ya kwanza likiwa na boliti, Kasimiri alipita nyumbani kwangu akichechemea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Una nini miguuni?"

Akakaa kwenye ngazi za baraza. Hakuwa mtu wa kukaa. "Kile chuma, mwalimu. Tumekipima ghalani, kilo thelathini na nne. Nusu ya robota. Mimi nikacheka. Nimekivaa, nimezunguka uwanja wa fundi mara nne, nikatafuta pa kukaa."

"Wewe?"

"Mimi. Robota liko begani, basi. Hiki kiko kila mahali. Muundi peke yake una kilo mbili na ushee. Nikiinua mguu nainua na chuma, nikiushusha nakizuia kisinivute. Mwendo wa kutoka kwangu mpaka hapa kwako nauona kama mlima." Akaweka viganja viwili kifuani. "Na pumzi. Nikibeba mzigo nachota pumzi mpaka tumboni. Mle ndani kifua hakifunguki. Nachota nusu, nahema kama mbwa wa mchana."

"Mwambie Zablon akilegeze."

"Akilegeza kinapanda, kinanigonga kidevu."

"Basi waambie watafute mtu mwingine."

Akanitazama kama niliyesema kwa lugha asiyoijua. "Watampata wapi?" Kisha akacheka. "Taabu yake ni moja tu. Robota nalitua. Hiki mpaka mtu aje na spana."

Nami nikacheka.

Alifanya mazoezi kwa wiki tatu. Alijifunza kugeuka na mwili mzima kwa sababu shingo haikugeuka. Alijifunza kwamba mara chapeo ikifungwa pua inawasha. Aligundua kuwa akianguka kifudifudi anaweza kujizoa kwa magoti, ila akianguka chali hawezi kabisa, mpaka wamvute watu watatu. Kila siku aliporudi alikunywa maji ndoo nzima, akalala bila kula. Eustadia alikuja kwangu kulalamika.

"Baba Advera anaisha, mwalimu. Kazi ya ghala haijamfanya hivi miaka ishirini."

"Ni wiki mbili zimebaki," nikamwambia.

Jubilei iliangukia Oktoba, na anayeijua Tabora anaijua Oktoba yake. Miti imesimama, vumbi limesimama, watu wanasubiri mvua. Mama Adelina aliteremka kwenye treni Jumamosi, na kuku mkononi na chupa ya asali ya miombo. Alikuwa na miaka sabini na minne na ugonjwa wa presha. Jumapili asubuhi alikataa chai kwa kuwa alitaka kupokea komunyo, na kwa kuwa vidonge vyake hunywewa na chakula, navyo akaviacha.

"Mama, mgonjwa anaruhusiwa kula," Eustadia alimwambia.

"Nani mgonjwa?" akajibu, akajifunga kitenge cha jubilei.

Misa ilichukua muda wa saa tatu. Zablon aliogopa kuchelewa, hivyo alianza kumfunga Kasimiri nyuma ya sakristia tangu saa tano na nusu. Hotuba za wageni zikarefuka. Saa saba igizo lilipoanza, Kasimiri alikuwa amekaa ndani ya chuma kwa saa moja na nusu, akinyweshwa maji kwa mrija kupitia mwanya wa chapeo.

Alipotokea uwanjani vigelegele vilipasua masikio. Jua lilipiga kwenye ile dirii mpaka tukaziba macho. Mama Adelina alikuwa benchi la mbele. Alisimama akapiga makofi na kuwaambia waliomzunguka, "Mwanangu yule! Yule ndani ni mwanangu!" Kisha akakaa.

Joka lilikuwa vijana sita chini ya magunia yaliyopakwa rangi ya kijani. Kabla ya pambano, Joji alitakiwa ageukie watu, ainue upanga, awape heshima. Kasimiri akageuka, taratibu, mwili mzima, akaangaliana na benchi la mbele. Yaliyofuata aliniambia mwenyewe baadaye, maana sisi wote tulikuwa tunamtazama yeye.

Alimwona mama yake kupitia ule mwanya. Leso ilimwanguka mkononi, mama akaitazama chini asiiokote. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka, kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba. Akaanza kuinama upande. Mwanamke aliyekaa jirani yake alidhani anataka kuona vizuri, akajisogeza kumpa nafasi.

Kasimiri akapaza sauti. "Mama! Mshikeni mama!"

Tuliousikia ni mngurumo ndani ya chuma. Hakuna neno lililotoka. Tulidhani Joji analitishia joka, na uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Akaanza kwenda. Alitaka kukimbia, ila mbio ndani ya kilo thelathini na nne ni hatua nne. Vijana wa joka walipomwona anatoka mahali pake walidhani amesahau igizo. Wakamfuata, wakamzunguka ili wamrudishe, kichwa cha joka kikamgonga magotini. Akaanguka chali. Kishindo chake kilikuwa cha paa la bati likishuka. Tukacheka, maana tulidhani imepangwa.

Alipoanguka, kifua cha chuma kilipanda kikamkaba kooni, na pumzi iliyotoka haikurudi. Bega la kulia lilijibana, mkono haukufika usoni kufungua kifuniko. Aliona mbingu tu, kipande cha upana wa vidole viwili. Kila alipoita "Mama" alitumia pumzi ambayo hakuwa nayo, na vijana waliendelea kumpiga mkia wa magunia kama walivyofundishwa.

"Nilisikia mnacheka, mwalimu," aliniambia. Hakunilaumu. Alikuwa anaeleza tu alichosikia.

Ndipo mwanamke mmoja akapiga ukunga mbele. Watu wakakimbilia huko. Vijana wakatupa magunia wakakimbia nao. Yaliyofanyika kwa Mama Adelina yalifanyika vizuri na haraka: mmoja wa waumini ni muuguzi, akamlaza kwa ubavu, Zablon akaleta toyo lake, ile pikipiki ya magurudumu matatu anayobebea mabati, wakatandika makoti ya kwaya, wakampakia, Eustadia akaruka juu, wakaondoka kwa vumbi kwenda hospitali. Hata dakika tano hazikuisha. Na spana namba kumi ilikuwa mfukoni mwa suruali ya Zablon.

Mimi ndiye niliyemkumbuka Kasimiri. Nilipogeuka nilimwona peke yake katikati ya uwanja, mguu mmoja ukijikunja na kujikunjua. Tukaenda mbio, mimi na katekista Bernardo na wanaume kadhaa. Bernardo akafungua kifuniko cha uso. Ngozi yake ilikuwa rangi ya maini.

"Mama yangu?"

"Amepelekwa hospitali," nikasema. "Yuko na mkeo. Yuko na muuguzi."

"Nitoeni."

Bernardo akampigia Zablon, na simu ya Zablon ikalia sakristia, ndani ya koti aliloliacha kwenye kiti.

Tulifanya tulichoweza, na kilikuwa kidogo. Bernardo alileta plaizi ikala kona za nati nne mpaka zikawa mviringo. Mtu mwingine akajaribu nyundo, ila kila pigo lilimfanya Kasimiri apige kelele. Chuma kilikuwa kimekula jua. Nilipokishika kiliniunguza kiganja. Wanaume wanane wakamnyanyua wakampeleka kivulini, ubavuni mwa kanisa. Tukamwagia maji shingoni, koti la blanketi likayanywa yote, likawa zito na moto zaidi. Akaanza kutetemeka. Jumapili, gereji zote zimefungwa. Vijana wakatawanyika mtaani kugonga milango wakitafuta spana.

"Mwalimu," akaniita kwa sauti ndogo. "Nifute macho."

Nikamfuta kwa ncha ya kanga yangu. Sikujua kama ni jasho.

"Nilimwona," alisema. "Kabla yenu wote. Mimi peke yangu nilimwona."

"Nyamaza, tunza pumzi."

Simu yangu ikalia. Alikuwa Eustadia. "Mwalimu, nipe baba Advera." Nikaiweka simu kwenye chapeo, lakini sauti haikupenya na hakusikia kitu. Ikabidi nisikilize mimi nimwambie. Nilimuuliza kwanza Zablon yuko wapi na spana; alikuwa ametumwa kutafuta dawa, hajarudi.

"Wanasema ni kiharusi. Amefungua macho. Hasemi."

"Ananiita?" Kasimiri akauliza.

Nikamuuliza Eustadia. Nilisikia magurudumu ya kitanda tu, na watu wakipishana. Nikamtazama Kasimiri nikamwambia, "Ndiyo. Anakuita." Sijui kwa nini nilisema vile. Nilidhani namtia nguvu.

Nilimtia nguvu kweli. Alijisukuma na kujipinda ndani ya chuma kile mpaka boliti ya ubavuni ikachana koti na kumchana nyama, na wanaume wanne wakalazimika kumlalia. Alilia kama mtoto. Mtu aliyeinua kila kitu cha mtaa wetu hakuweza kuinua mgongo wake kutoka kwenye mchanga.

Aliyemwokoa ni Hafsa, mama anayeuza spea za baiskeli na pikipiki mtaa wa pili. Alikuja na sanduku zima kichwani, akapiga magoti, akajaribu spana mojamoja hadi ya namba kumi ikaingia. Nati kumi na nne zilikubali. Nne zile zilizoliwa zilikatwa kwa msumeno wa chuma, Hafsa akishika ubao mwembamba chini yake ili meno ya msumeno yasifike mwilini. Ilikuwa inakaribia saa kumi alasiri tulipomtoa. Alikuwa amekaa mle zaidi ya saa nne.

Alisimama, akapiga hatua moja, akaanguka. Miguu ilikataa. Tulimpeleka hospitali kwa gari la mmoja wa wageni, naye njia nzima alisema neno moja: "Wodi ya wanawake. Wodi ya wanawake." Alipofika, mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa. Daktari akaamuru alazwe wodi ya wanaume, atundikiwe dripu, asinyanyuke. Mabega na shingo vilikuwa vimeungua. Alilala pale siku nne, mama yake akiwa upande wa pili wa ukuta mmoja na korido mbili, na Eustadia akitembea katikati yao akibeba habari.

Siku ya pili nilimtembelea.

"Ulisema mama ananiita. Aliniitaje? Kwa jina?"

Nimefundisha miaka thelathini na saba. Nimewaadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko ule. "Hakukuita," nikamwambia. "Nilidanganya. Hakusema kitu."

Akageuza uso akatazama dripu ikidondoka. "Afadhali," alisema. "Ningekuwa nimeitwa nisiitike."

Alipoweza kutembea alimkuta daktari wa mama yake, dada kijana tu, akamweleza yote, leso na mdomo. "Nilimwona kabla ya watu. Wangemshika dakika ile?"

"Baba, dakika tatu nne zisingebadili kitu," daktari alimwambia. "Na mlimfikisha mapema kuliko wengi wanaokuja hapa."

Akashukuru. Kesho yake alimuuliza daktari mwingine, kisha muuguzi wa zamu, kisha muuguzi wa zamu iliyofuata. Wote walimpa jibu lile lile. Hadi leo akikutana na mtu wa hospitali humuuliza.

Zablon alikuja na machozi. Kasimiri akamwambia ukweli, kwamba hakuna aliyekosa, na kwamba bila toyo lake mama angefika amechelewa. Zablon aliondoka akilia zaidi. Ile dirii aliikata vipande, akatengeneza majiko, na nasikia hayakununuliwa.

Mama Adelina hakurudi Kigwa. Upande wa kulia umekufa, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, ya Kinyamwezi na ya Kiswahili, amebakiwa na moja: "Haya." Kasimiri humbeba asubuhi kumpeleka bafuni, humgeuza kitandani asipate vidonda, humlisha uji. Ana kilo arobaini na moja. Kasimiri alijua bila mizani, mara ya kwanza alipomnyanyua. Msimu ulipofunguliwa Mei alirudi ghalani kwa sababu watu lazima wale. Ananiambia akiwa chini ya robota hujikuta anachota nusu ya pumzi, kama bado amefungwa. Wamempiga picha ya kifua. Hakina kitu.

Wiki iliyopita niliwapelekea maziwa. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli mkononi. Barua ilikuwa imetoka kwa majirani wa Kigwa: paa la nyumba ya mama limeanza kuachia, na kabla ya mvua mtu aamue, litengenezwe au nyumba iachwe.

"Mama," alimwuliza, akiinama mpaka uso wake uwe mbele ya macho yake. "Unataka turudi Kigwa?"

"Haya," mama akasema, machozi yakimtoka.

"Nitapaezeka upya. Nitakubeba mpaka kwenye treni. Turudi?"

"Haya."

Akaniangalia, kisha akamrudia. "Au unataka tukae hapa, mama? Ukae na mimi hapa?"

"Haya," mama akasema kwa sauti ile ile, machozi yale yale.

Kasimiri aliendelea kuinama hivyo kwa muda mrefu, akiutafuta uso ule. Kisha akachota kijiko cha uji, akakipuliza, akamlisha kwa upande unaomeza.